Maalim wa baiolojia hataki kusomesha mageuko ya viumbe, afanyeje?

KisimaWete: Assalaam alaykum. Kuna maalim mpya wa baiolojia, skuli ya Serikali huku Wete. Kidato cha nne kina mada ya mageuko ya viumbe, Lamarck na Darwin, na yeye anaona kuisomesha ni kinyume na itikadi yake. Anaweza kuiruka?

BiMitaala: Waalaykum salaam. Kuiruka hapana. Elimu ya skuli si jambo la Muungano, lakini Baraza la Mitihani la Tanzania ni la Muungano, kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne ni mmoja, Micheweni mpaka Mwanza. Swali likija, anayekosa alama ni mtoto.

Kinachoharibu zaidi ni namna ya kusema. Kwenye andalio la somo aandike "mwanafunzi aeleze nadharia ya Darwin", basi. Ubaoni kila kauli iwe na mwenyewe: Lamarck alidai sifa ambazo kiumbe anazipata maishani hurithiwa; Darwin alisema wenye sifa zinazoafiki mazingira ndio wanaosalia na kuzaa zaidi. Halafu ushahidi: visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika maweni), ulinganisho wa viungo, na kasoro za Lamarck. Kusema "Darwin alisema" si kutoa shahada ya imani! Ila asiwaambie "haya ni kufuru, lakini yaandikeni". Watayaandika nusunusu. Wakitaka kujua dini inasemaje, maalim wa dini yupo.

Mkoani_2: Mbona kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda imani? Na 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokataa kuimba wimbo wa Taifa.

BiMitaala: Wale ni wanafunzi, na walitakiwa watamke kwa nafsi zao. Maalim analipwa kusomesha mtaala. Marekani, kesi ya Palmer ya Chicago, 1979: mwalimu wa chekechea, naye Shahidi wa Yehova, alikataa kusomesha mambo ya uzalendo. Mahakama ikasema imani ni yake, mtaala si wake. Haitufungi sisi, lakini hoja ndiyo hiyo.

maalim_chake: Moyo ukikataa kabisa, abadilishane mada na mwenzake. Afanye hivyo wakati azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) linaandikwa, muhula haujaanza. Amuone mkuu wa idara, kisha barua kwa mwalimu mkuu: vipindi vingapi, nani atavichukua, na yeye atalipa kwa mada ipi (jenetiki, hakuna anayeigombania). Jibu alipate kwa maandishi. Akingojea asubuhi ya kipindi ndipo agome, itahesabiwa amekaidi kazi. Na kama ndiye maalim pekee wa baiolojia skulini, arudi kwenye ushauri wa BiMitaala.