Naomba ushauri: utani wa koo unaomlenga shemeji yangu

Ndugu wanajamvi, asalaam aleikum. Mimi ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, na dada yangu ameolewa na kijana wa Kimadhiban, jamii ndogo ya Kisomali ambayo imebaguliwa kwa muda mrefu, ndoa ambayo wazee wetu waliikubali kwa shingo upande. Kwetu utani ni jambo la kawaida, hata majina yanayotaja kilema cha mtu. Tatizo ni kwamba binamu zangu humwita shemeji "Nusu", wakirejelea mgao wa 4.5, yaani mfumo wa kugawana viti vya bunge la Somalia kwa koo, uliokubaliwa Arta, Djibouti, mwaka 2000, ambao ulizipa koo 4 kubwa fungu moja moja na jamii nyingine zote kwa pamoja nusu ya fungu. Juzi mmoja alimmiminia chai nusu kikombe. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pia, ila kikombe hakukigusa.

Niliwakanya faraghani, wakadai sijui mzaha. Mjomba naye alisema ni utani tu (ni rahisi kusema hivyo ukiwa na fungu zima).

Je, nimshirikishe imamu, ambaye pia ni wa ukoo wetu, au nizungumze kwanza na shemeji mwenyewe bila kumwaibisha? Na aliyewahi kukomesha utani wa namna hii katika familia yake alianzia kwa nani?