Wakuu, spea za pikipiki mtandaoni kwa bei chee: nanunuaje bila kupigwa?

Msafiri wa Vumbi:
Wakuu salaam. Nina pikipiki ya cc 150, imetembea sana na sasa inadai cheni na sproketi zake, pedi za breki za mbele, na taa, maana iliyopo inamulika kama kibatari. Nataka pia helmeti ya abiria. Nimepita mitandaoni nikakuta vyote kwa bei ya kutupa. Tamaa inavuta, roho inasita. Kuna muuzaji picha zake kali, ila anataka nimtumie hela moja kwa moja, nje ya tovuti, eti atanipunguzia zaidi. Kipi ninunue, kipi nisithubutu?

Spana Kumi:
Huyo muuzaji mwache leo leo. Kwenye tovuti nyingi kubwa hela yako inashikiliwa mpaka mzigo ufike, na ukikuta kasoro unafungua malalamiko. Ukilipia pembeni, tovuti haikujui. Mzigo ukifika, usibonyeze "nimepokea" kabla hujaufungua. Washa kamera, ionekane lebo ya kifurushi, kata boksi bila kukatisha video. Na usiweke spea stoo ukisubiri ya zamani iishe, utakuja kuifungua muda wa kulalamika umeshapita.

Mzee wa Gereji:
Mkuu, usinunue kwa picha, nunua kwa namba. "Inaingia zote za 150" ni maneno ya sokoni tu. Futa grisi kwenye cheni yako, pembeni ya pingili utaona imegongwa 428, 428H au 520. Pini hadi pini, 428 ni mm 12.7 na 520 ni mm 15.875, hizo haziingiliani hata kwa nyundo. Hesabu pingili, hesabu meno mbele na nyuma. Sproketi ya nyuma pima pia tundu la katikati na umbali kati ya matundu ya bolti, maana meno yanaweza kulingana na bado isikae kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inaliwa upesi.

Pedi nazo, chomoa ya zamani uilaze kwenye rula, ulinganishe na mchoro wa vipimo wa muuzaji. Hana mchoro? Pita.

Beringi ndiyo watu wanalipia nembo bure. 6202 ni mm 15 ndani, 35 nje, unene 11, iwe ya gurudumu la pikipiki au ya mota ya pampu. Ikiandikwa 2RS imezibwa kwa raba pande zote mbili. Tafuta kampuni ya beringi inayoeleweka, achana na boksi lenye picha ya pikipiki.

Binti Klachi:
Mbona helmeti umeiweka mwisho? Mimi ningeanza nayo. Yenye kiwango cha usalama cha ECE, kile cha Ulaya, ina lebo iliyoshonewa kwenye mkanda wa kidevuni: herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha (E1 Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi). Chini yake namba ikianza na 06 ni kiwango kipya cha 22.06, ikianza na 05 ni kile cha zamani. Ya DOT ya Marekani ina stika nyuma yenye maneno FMVSS No. 218, lakini kule mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, na stika tupu zinauzwa mtandaoni hizo hizo. Kwa hiyo ingiza vidole ndani: povu gumu liwe na unene wa karibu sm 2.5. Likiwa jembamba, hilo ni pambo. Na ya mtumba usiguse, huwezi kujua kama imewahi kupiga lami.

Pinga Pinga:
Mimi napinga. Breki na helmeti ni vya kushika kwa mkono dukani. Mtandaoni nunua vishikio na stendi ya simu, basi.

Mzee wa Gereji:
Pinga, dukani feki hazipo? Plagi za NGK zinaigwa mpaka kampuni yenyewe imetoa maelezo ya kuzitambua, na hizo feki zinapangwa kwenye rafu kama kawaida. Ila kwenye breki nakuunga mkono nusu: kama muuzaji haeleweki, kalipie zaidi.

Waya Mwekundu:
Hamjagusa taa. Soma kitako cha balbu kwanza: H4 (wati 60/55) na HS1 (wati 35/35) zinafanana kwa macho lakini vitako ni tofauti. Halafu washa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvuta mafuta, tazama taa. Ikififia ukiachia mafuta na kung'aa ukivuta, inakula umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. LED nyingi za bei chee ni za DC, yaani umeme wa betri, zitapepesa au kufa. Tafuta iliyoandikwa AC/DC. Na ukibadilisha indiketa kuwa LED, badilisha na fleshari (kile kidude kinachoziwasha na kuzizima), la sivyo zitapepesa mbio mbio.

Msafiri wa Vumbi:
Nimefuta cheni, ni 428H. Taa inafifia kweli nikiachia mafuta. Yule muuzaji nimemwambia tumalizane ndani ya tovuti, kanyamaza. Nimepata mwingine wa pedi, ana mchoro wa vipimo ila duka lake jipya, maoni hana.

Spana Kumi:
Huyo agiza kwake vishikio kwanza. Vikija sawa, ndiyo umuulize pedi.