Laptopu inakataa kuungana na Wi-Fi ya nyumbani

Swali, kutoka Umoja: Wenzangu, tangu niliponunua ruta mpya, laptopu yangu ya mwaka 2012 inauona mtandao wa nyumbani lakini inakataa kuungana nao, ilhali simu zote zinaungana kwa nenosiri lilo hilo. Kasoro iko wapi?

Jibu: Ndugu, huenda ruta imewekwa WPA3, usimbaji wa kulinda Wi-Fi uliozinduliwa mwaka 2018, ambao kadi za Wi-Fi za zamani haziufahamu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague WPA2, toleo lililotangulia, yenye AES (mbinu yake ya kusimba data), kisha uiamuru laptopu isahau mtandao huo kabla ya kuandika nenosiri upya.

Jibu: Naafiki, ila usirudi kwenye WEP, usimbaji wa kale zaidi, hata fundi akikushawishi, ulinzi wake ulivunjwa kitambo.

Muulizaji: Ilikuwa WPA3 kweli. Imeungana, asanteni.