Mkongwe wa gemu anaomba michango Kickstarter: tumchangie sasa au tusubiri itoke?

Soweto_Mbeya ameuliza:

Habari wakuu, na shikamooni mliotutangulia. Naomba ushauri kwa wanaozifahamu gemu zinazochangiwa mtandaoni kabla hazijatengenezwa.

Kuna mbunifu mkongwe, anajulikana tangu enzi za CD, ameanzisha studio mpya na kufungua kampeni Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi. Simtaji ili mjadala usigeuke tangazo. Anaomba dola 600,000, amefikisha 480,000, zimebaki siku 11. Ukitoa dola 25 unaahidiwa gemu kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ukitoa 70 unaongezewa boksi lenye ramani ya kitambaa na kitabu. Anasema studio ina watu 14 na gemu itatoka baada ya miezi 18. Video yake ni maongezi zaidi, gemu yenyewe inaonekana kama sekunde 40 tu.

Tuko sita, wazo ni kuchanga pamoja. Kompyuta tunayoitegemea ni Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki. Je, jina la mtu lina uzito kiasi gani kwenye haya mambo? Pesa ikishaenda inarudi? Na kadi za Visa tunazotengeneza ndani ya simu zinapita?

---

Mlandege_Iringa amejibu:

Kamwene. Nianze na jina, maana ndilo linalouza kampeni za namna hii.

Jina linakuhakikishia kwamba mtu ana ladha na mawazo. Halikuhakikishii kwamba ana msimamizi wa ratiba, mhasibu na wapimaji. Gemu zilizowapa wakongwe wengi sifa zilisimamiwa na kampuni iliyotoa pesa. Ndiyo iliyokuwa ikisema hapa pakatwe, tarehe haisogei, hii sehemu haifanyi kazi. Kwenye kampeni ya michango huyo mtu wa kusema hapana hayupo, na maelfu ya wachangiaji kila mmoja anataka kiongezwe kitu. Kwa hiyo usiulize mkongwe aliwahi kutengeneza nini. Uliza safari hii anatengeneza na nani, na hao watu wamewahi kumaliza gemu ngapi wakiwa pamoja.

Linganisheni hizi mbili. Studio ya Obsidian waliomba dola milioni 1.1 mwaka 2012 kwa ajili ya Pillars of Eternity, wakapata karibu milioni 4. Studio ilikuwepo tayari na watu wake. Hawakujenga injini mpya, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, walichukua Unity iliyokuwepo. Mandhari waliyatoa kama picha zilizokwisha kuchorwa, zinazotazamwa kutoka juu kwa pembe ileile, kwa hiyo hakuna kazi ya kufanya kila mti na kila ukuta utazamike kutoka pande zote. Gemu ilitoka Machi 2015, ikiwa imechelewa kama miezi 11, lakini ilitoka ikiwa ile waliyoahidi.

Mbunifu Keiji Inafune naye aliomba dola 900,000 mwaka 2013 kwa Mighty No. 9, akapata zaidi ya milioni 3.8. Kila pesa ilipopanda, iliongezwa ahadi ya kuitoa gemu kwa mashine nyingine ya kuchezea, hadi zikafika kumi. Watu hawaoni uzito wa jambo hili. Kila mashine ina kumbukumbu yake na vitufe vyake, na mwenye mashine ana masharti yake ya ukaguzi. Kosa moja likirekebishwa, wapimaji wanarudia gemu nzima kwenye mashine zote. Gemu ilitoka Juni 2016, miezi 14 baada ya tarehe ya ahadi, ikapokelewa vibaya, na matoleo ya mashine za mkononi, 3DS na Vita, hayakutoka kabisa. Dalili ilikuwepo mapema: Julai 2015, ya kwanza ikiwa haijatoka, kampuni ileile ilifungua kampeni ya gemu nyingine. Ile haikufikia lengo.

Kwa hiyo fungueni ukurasa wa huyo mkongwe na mteremke hadi kwenye malengo ya nyongeza. Mkikuta "tukifika milioni tutaongeza mashine tatu na uchezaji wa pamoja mtandaoni", hapo mna sababu ya kurudi nyuma. Uchezaji wa pamoja haubandikwi mwishoni kama rangi ya ukutani, lazima upangwe tangu msingi. Nyongeza salama ni muziki zaidi, tafsiri, au kurefusha muda wa kupima.

Na wapo wenye majina makubwa kuliko hao. Peter Molyneux alipata pauni 526,563 mwaka 2012 kwa Godus. Haikuwahi kukamilika kama ilivyoahidiwa, na mwaka 2023 iliondolewa Steam. Chris Roberts aliahidi Star Citizen kwa Novemba 2014. Michango ilipopita dola milioni 500 mwaka 2022, ilikuwa bado kwenye hatua ya majaribio.

---

Dada_Tukuyu amejibu:

Mimi niwape hesabu, mtaona wenyewe.

Lengo ni dola 600,000. Kickstarter inakata asilimia 5, yaani 30,000. Wasindikaji wa malipo wanakata asilimia 3 na senti kadhaa kwa kila mchango. Kwa michango midogo midogo wekeni 25,000. Zimebaki 545,000. Toeni kadi zitakazokataa siku ya makato, gharama za kuchapa ramani na vitabu, na usafirishaji wa maboksi. Tuwape 500,000 ya kutengenezea gemu, na hapo tumewapendelea.

Kipimo kinachotumika sana kwa studio za Marekani ni kama dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, kodi, bima, ofisi na vifaa. Kwa hiyo 500,000 ni miezi 50 ya kazi ya mtu mmoja. Yeye anasema watu 14 kwa miezi 18, ambayo ni miezi 252, yaani dola milioni 2.5. Hata kama studio iko nchi yenye mishahara nusu ya hiyo, bado anahitaji zaidi ya milioni 1.2. Hiyo iliyobaki inatoka wapi?

Jibu linaweza kuwa zuri. Koji Igarashi aliomba dola 500,000 mwaka 2015 kwa Bloodstained na akasema wazi kwamba sehemu kubwa ya bajeti itatoka kwa mfadhili mwingine, mradi kampeni ionyeshe kwamba wanunuzi wapo. Alipata zaidi ya milioni 5.5. Gemu ilitoka Juni 2019 badala ya Machi 2017, na ilikuwa nzuri. Lakini yule aliyechangia akitaka ya Mac au Linux aliambiwa njiani kwamba haitakuwepo. Ubaya unakuja pale mkongwe anapokaa kimya kuhusu pengo. Kuna sehemu ya maswali pale kwenye ukurasa, na ukishachangia hata dola moja unaweza kuandika kwenye maoni. Ulizeni bajeti nzima ni kiasi gani na mfadhili mwingine ameshasaini au bado. Msipojibiwa ndani ya siku nne wakati kampeni inaendelea, wakati ndiyo wanahitaji pesa yenu kuliko wakati wowote, basi baada ya kufungwa msitegemee majibu.

Mkiona pesa nyingi zimeingia msidhani tarehe itawahi. Tim Schafer aliomba dola 400,000 mwaka 2012 kwa gemu iliyokuja kuitwa Broken Age, kati ya hizo 100,000 za filamu ya kuonyesha kazi inavyofanyika. Akapata zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Alipanua gemu ifanane na pesa, akapitiliza. Nusu ya Broken Age ilitoka Januari 2014, mauzo yake yakasaidia kugharamia nusu ya pili, iliyotoka Aprili 2015. Ahadi ya kwanza ilikuwa Oktoba 2012.

Kwa hiyo miezi 18 isomeni kuwa miezi 30 hadi 40.

Pesa ikishachukuliwa, Kickstarter yenyewe hairudishi. Kanuni zake zinamtaka mwenye mradi amalize kazi, au aeleze pesa zilivyotumika na arudishe zilizobaki. Kwa kawaida mradi ukifa hakuna zilizobaki, zimeshakwenda kwenye mishahara. Huo ni mchango, kama mnavyochangia harusi, si ununuzi dukani.

---

Makambako_Stendi amejibu:

Naheshimu hesabu za dada, lakini mjadala usiende upande mmoja. Brian Fargo alikaa miaka mingi bila kampuni yoyote kutaka kugharamia Wasteland 2. Mwaka 2012 wachangiaji walitoa dola milioni 2.9, na gemu ikatoka Septemba 2014. Eiyuden Chronicle ya Yoshitaka Murayama ilichangiwa 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4.5 na ikatoka Aprili 2024. Mwenyewe alifariki Februari ya mwaka huohuo, miezi miwili kabla, lakini timu ilikuwepo na kazi ikafika mwisho. Gemu za namna hii makampuni makubwa yalishaziacha. Wapenzi wake wasipochangia, hazitengenezwi.

Na tazameni hiyo timu ya Murayama. Ndiyo jibu la swali la jina. Gemu iliyoegemea mtu mmoja tu inakufa naye, akiugua au akikosana na wenzake.

---

Soweto_Mbeya:

Ndaga fijo wote. Nimeenda kuangalia: malengo ya nyongeza yapo, moja ni PlayStation na Xbox, jingine ni uchezaji wa pamoja. Bajeti nzima haijatajwa popote, nimeshauliza. Kuhusu kompyuta na kadi?

---

Mlandege_Iringa:

Kompyuta kwanza, kwa sababu inaweza kumaliza mjadala wote.

Angalieni injini iliyotajwa. Kama ni Unreal Engine 5 na mandhari ya kutembea humo ndani, hiyo mashine isahauni. Grafiki iliyomo ndani ya i5 ya kizazi cha 4 ina shida ya ziada: Intel walizima uwezo wake wa DirectX 12, mfumo wa Windows unaotumiwa na gemu kuchora picha, kwenye draiva mpya kwa sababu ya kasoro ya usalama. Gemu inayodai DirectX 12 haitafunguka, hata mkipunguza ubora wote. Kuongeza RAM hakutasaidia hapo. Kadi ya grafiki ya mtumba ingesaidia, lakini pimeni kwanza: kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Mwanjelwa ni za ofisini, boksi jembamba, pawa saplai ndogo isiyo na waya wa kulisha kadi. Mnahitaji kadi fupi, ya kimo cha chini, inayojilisha kutoka kwenye ubao mama peke yake. Pia mashine hiyo haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Gemu itakayotoka miaka mitatu ijayo inaweza kudai Windows mpya.

Viwango vya kompyuta vinavyoandikwa kwenye kampeni ni makadirio. Cha kuamini ni demo, yaani kipande cha gemu unachoweza kukicheza mwenyewe. Kama hawana demo, na sekunde 40 ndizo zote walizonazo, basi hawana gemu bado, wana wazo.

Suala la kuchanga sita: dola 25 inawapa namba moja ya kufungulia, inaingia kwenye akaunti moja ya Steam. Mnaweza kuunda familia ya Steam yenye hadi watu 6, ila imekusudiwa watu wa nyumba moja, na nakala moja haichezwi na wawili kwa wakati mmoja. Nafasi ya mtu akitoka inafungwa mwaka mzima.

Halafu kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Ukinunua gemu ndani ya Steam, unaweza kurudisha ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa 2. Namba uliyopewa kama mchangiaji ilitoka nje ya duka, haina haki hiyo. Na hata duka lenyewe linaweza kubadilika. Waliochangia Shenmue III ya Yu Suzuki wakitarajia Steam waliambiwa mwaka 2019 kwamba kwa kompyuta itatoka kwanza kwenye duka jingine, Epic Games Store. Walipolalamika sana ndipo wakapewa nafasi ya kurudishiwa pesa.

---

Dada_Tukuyu:

Kadi sasa. Kickstarter haikati siku unapoahidi. Inakata siku kampeni inapofungwa, na hapo ndipo kadi za simu zinakwama, kwa sababu siku ya kuahidi ulikuwa na salio, siku ya makato umeshalitumia. Wekeni salio jioni ya kuamkia siku ya kufungwa, na mzidishe kama asilimia 5, maana dola inaweza kupanda na mtoa kadi anaweka makato yake ya kubadilisha fedha. Tuchukue dola kwa shilingi 2,600 kwa hesabu rahisi: 25 ni 65,000, wekeni 70,000. Ikiwa ni kadi ya benki, ulizeni kwanza kama malipo ya mtandaoni yamefunguliwa, na laini inayopokea namba ya siri ya SMS iwe hewani. Malipo yakikataa mtapata barua pepe na siku chache za kurekebisha. Msiifute kadi ya simu baada ya kulipa, kwa sababu pesa ikirudishwa inarudi kwenye kadi ileile.

Kabla ya kufungwa mnaweza kufuta ahadi bila gharama. Msingoje saa 24 za mwisho, kwani kama kujitoa kwenu kutaishusha kampeni chini ya lengo, mtazuiwa.

Boksi la dola 70 mimi nasema hapana. Usafirishaji mara nyingi unadaiwa baadaye, boksi likiwa tayari, na kwa Tanzania huwa si mdogo. Likifika, mnadaiwa VAT ya asilimia 18 na ushuru ukihusika. Wasafirishaji binafsi wengi hawapeleki kwenye S.L.P., wanataka mtaa na namba ya simu, na anwani mliyoandika leo lazima mkumbuke kuibadilisha mkihama.

---

Soweto_Mbeya:

Nimewaelewa. Majibu ya bajeti hayajaja, leo siku ya tatu, na injini ni Unreal Engine 5. Tumekubaliana boksi tumeliacha. Kesho usiku wasipojibu tunafuta ahadi ya dola 25 tuliyoweka.

---

Makambako_Stendi:

Sawa kabisa. Mkifuta, bofyeni alama ya kuhifadhi mradi ili mpate taarifa zake. Itakapotoka subirini maoni ya wiki mbili za kwanza, kisha mauzo ya punguzo ya Steam ya katikati ya mwaka au ya Desemba. Na hizo 70,000 mkitaka kuzitumia sasa, Broken Age ni ya picha bapa na haihitaji mashine kubwa, na kwenye punguzo inabaki chenji ya bando la kuipakulia.