Jakuzi la kilowati 7 limefungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, na fundi ananiambia "umeme ni umeme tu"

Wanajukwaa, salaam. Naandika kutoka Raskazone, Tanga, nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa kazi niliyofanyiwa na fundi umeme aliyejitambulisha kwangu kuwa ana leseni ingeweza kumuua mtu ndani ya maji.

Jakuzi letu liko uani, na kibandiko chake kinasema waziwazi: volti 230, kilowati 7 pale hita na pampu zinapofanya kazi pamoja. Hesabu yake haihitaji chuo. Wati 7,000 ukizigawa kwa volti 230 unapata ampea 30 na ushei, na mzigo huo hubebwa na waya kwa saa kadhaa mfululizo, si dakika chache kama wa birika la chai. Kutoka kwenye boksi la breka hadi uani ni mita 35. Fundi hakusoma kibandiko wala hakupima umbali. Alivuta waya wa 2.5, ule ule unaotumika kwenye soketi za sebuleni, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki na kufunga breka ya ampea 20. Breka ilipoanza kujikata, kama ilivyopaswa, aliiondoa akaweka ya ampea 40. Nilipomhoji alinijibu, "Mama, ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Umeme ni umeme tu."

Breka haikuwa mbovu. Breka huwekwa ili kuulinda waya, na waya wa 2.5 ukiwa ndani ya bomba huhimili takriban ampea 24, hivyo ukiupa breka inayongoja ampea 40 umeuambia uungue kwanza, breka ije kujua baadaye. Hata usipowaka, kwa umbali ule waya huo hupoteza zaidi ya volti 19, yaani zaidi ya asilimia 8, ilhali kanuni za Uingereza za BS 7671 huweka ukomo wa asilimia 5 kwa mizigo ya aina hii. Karibu wati 580 zinageuka joto ukutani kabla ya kuyafikia maji, nami ninazilipia kwa LUKU.

Waya wa shaba wa 6 ungefaa, kwa kuwa upotevu wake ni chini kidogo ya volti 8. Mimi ningechagua wa 10, na breka ya ampea 32, kwa sababu waya mnene unanunuliwa mara moja tu, na pale uani ningetaka kebo yenye vazi la nyaya za chuma ifukiwe ardhini, isiachwe ndani ya bomba jembe linapoweza kulifikia.

Kuhusu ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, sijui hata niseme nini. Waya wa ethi ameufunga kwenye bomba la maji, na bomba lenyewe ni la plastiki! Ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini, hakuna. RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, nayo hakuna. Alisema breka inatosha, wakati breka ya kawaida haiuoni mvujo mdogo kiasi hicho, na mvujo huo huo unatosha kuusimamisha moyo wa mtu aliyelowa. Swichi ya kuzimia ameiweka ukutani, mahali ambapo mtu anaifikia kwa mkono akiwa bado ndani ya maji, ilhali inapaswa kuwa zaidi ya mita 2 kutoka ukingoni.

Jambo jingine ambalo wenzangu wa Pwani mlitazame: nilipoukwangua waya huo kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, nami nilitozwa bei ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba ya unene ule ule, kwa hiyo hesabu niliyowapa hapo juu, mbaya kama ilivyo, bado inampendelea fundi.

Nimezima breka na jakuzi limekaa kavu. Fundi nimemwandikia nikitaka arudishe fedha za waya na za ufundi. Anasema nitafute fundi mwingine "wa kusoma vitabu". Asiporudisha, malalamiko yangu yatapelekwa EWURA, ambao ndio wanaotoa leseni za ufungaji umeme, yakiwa na picha za lile bomba la plastiki. Wakati huohuo, anayemfahamu mkandarasi hapa Tanga ambaye ataniandikia ampea, unene wa waya, umbali na kipimo cha ethi kwenye karatasi na kuiwekea sahihi kabla hajagusa ukuta, naomba aniambie hapa chini.