Atlasi ya kitambaa, ya ramani na ya shingo: ni neno moja?

Msomakamusi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kamusi inaingiza "atlasi" mara mbili: kitambaa kinachong'aa, na kitabu cha ramani. Kwenye anatomia, pingili ya kwanza ya shingo nayo ni atlasi. Halafu kuna milima ya Atlas kule Moroko. Je, vyote vimetoka kwa lile jitu la Wagiriki lililobeba dunia? Na mbona bahari ni Atlantiki? Hiyo "nti" imetoka wapi?

Mfuasi wa Mizizi
Kitambaa kitoe kwanza, hakina undugu na hivyo vingine. Hiyo ni Kiarabu, *aṭlas*, kitu laini kisicho na alama, kama maandishi yaliyofutika. Shika jora la atlasi uone: uso unateleza, nyuzi hazionekani. Kinachowapoteza watu ni kwamba Waarabu huandika kitabu cha ramani na ile milima kwa herufi zile zile, أطلس, basi anayefuata asili kupitia Kiarabu huona neno moja. Ngeli nayo haisaidii, zote ni I-ZI.

Pili, Atlas hakubeba dunia. Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, Zeus mkuu wa miungu alimhukumu kubeba mbingu, huko mwisho wa dunia upande wa magharibi. Kosa limeletwa na sanamu. Ile maarufu iliyopo Napoli inambebesha tufe, lakini ukilikaribia utaona limechongwa makundi ya nyota, fahali na kaa wa buruji wakiwemo. Hakuna bara hata moja pale.

Pingili
Upande wa mwili jina limekaa sawasawa. Pingili hiyo ni pete tu, haina kiwiliwili kama zenzake. Juu ina vibonde viwili vinavyopokea fuvu, na hapo ndipo kichwa kinapoinama na kuinuka kuitikia "ndiyo". Wengi hukosea wakisema pingili hii peke yake ndiyo inayogeuza kichwa. Ukisema "hapana", pete hiyo pamoja na fuvu huzunguka kwenye jino, yaani mfupa uliochomoza juu ya pingili ya pili, kama mlango kwenye bawaba. Jino likivunjika au kano inayolizuia ikikatika, pete huweza kuteleza na kubana ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo maana majeruhi wa shingo hasogezwi ovyo.

Msomakamusi
Asanteni. Na kitabu cha ramani, je? Na ile "nti"?

Mfuasi wa Mizizi
Kitabu ni kazi ya mchora ramani Gerard Mercator. Kilitoka Duisburg, Ujerumani, mwaka 1595, miezi michache baada ya kifo chake. Yeye mwenyewe alieleza kuwa anamuenzi Atlas mfalme wa Mauretania (ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini), mjuzi wa nyota. Kwa hiyo anayesema kitabu kimeitwa hivyo kwa sababu jitu lilibeba dunia amekosea mara mbili.

"Nti" ni sarufi. Shina la Kigiriki ni *Atlant-*. Likipokea *-s* ya kiima, "nt" humezwa, linabaki *Atlas*. Likiwa milikishi, *Atlantos*, "nt" hurudi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, karne ya 5 KK, tayari aliita bahari iliyo nje ya Nguzo za Herakles (mlango wa Gibraltar) kwa shina hilo. Sanamu za wanaume zinazobeba dari za majengo nazo huitwa *atlantes*, wingi wa neno lile lile.