Tunamtunzia mwenzetu bustani akiwa mgonjwa, na nyanya zake zinanyauka: tumwambie au tunyamaze?

Mwaga Jioni (mleta uzi)

Habari zenu wapenda bustani, naomba ushauri.

Tuko marafiki wanne tuliokutanishwa na mimea. Hakuna anayelima kwa biashara, ni nyua za nyumbani tu. Tunagawiana mbegu na miche, tunaazimana jembe na mkasi wa kupogolea, mmoja akisafiri wengine wanamwagilia. Dada yetu mkubwa, ambaye ametufundisha mengi tunayoyajua, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari amemkataza kuinama, kuchuchumaa na kubeba vizito mpaka atakapomruhusu. Tukagawana zamu za kumtunzia bustani.

Yamenikuta mawili. La kwanza ni safu yake ya nyanya. Mche mmoja ulilegea mchana majani yakiwa bado kijani, usiku ukajirudi kidogo, baada ya siku chache ukafa wima. Sasa wa pili yake umeanza vilevile. Mbegu hizo anazitunza mwenyewe msimu hadi msimu, alirithi kwa mama yake, na kila akipiga simu swali la kwanza ni hilo: "Nyanya zangu hazijambo?" Mmoja wetu anasema tumjibu hazijambo, apone kwanza. Mimi nafsi inakataa.

La pili, huyo huyo mwenzetu ana moyo wa kujituma kweli, na ameanza kupanga mageuzi. Anataka kuhamisha mnanaa, kunyoosha njia na kung'oa kichaka cha maua karibu na mlango kwa kuwa kinaziba. Anasema dada akirudi akute bustani mpya. Nampenda, sitaki kumvunja moyo. Nimwambieje?

Jembe Dogo

Pole kwa dada yenu. Nianze na mche, maana huo haungoji.

Kulegea ghafla majani yakiwa kijani kunanipa wasiwasi wa mnyauko bakteria, ila msihukumu kwa macho tu. Kateni kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, mkining'inize kwenye glasi ya maji safi ncha iliyokatwa ikigusa maji. Msitikise. Mkiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni bakteria. Zisipoonekana, ng'oeni mche mtazame mizizi: vinundu vinundu ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Kama majani ya chini yalianza kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja wa mche, na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, hapo fikirieni ukungu wa kwenye udongo.

Ikiwa ni bakteria, hakuna dawa ya kuuponya mche. Ung'oeni pamoja na mizizi na udongo ulioshikana nayo, na usiende kwenye lundo la mboji. Uchomeni au uingie kwenye taka za kutupwa.

Bi Mnanaa

Mwanangu, mwambieni.

Niliwahi kulala kitandani muda mrefu, na kila aliyekuja kunitazama alinijibu "usijali, kila kitu kiko sawa". Walinipenda, najua. Lakini nilijiona kama nimeshavuliwa uenyeji wa nyumba yangu. Hakuna aliyeniuliza tufanye nini. Ningeulizwa hata jambo dogo, kama waridi likatwe wapi, ningekaa kitandani nikiwa na kazi ya kufikiri.

Msimpelekee msiba, mpelekeeni swali. "Dada, mche wa pili umelegea, tumepima hivi, tunaona hivi, wewe unasemaje?" Huyo amelima kuliko ninyi. Pengine ana jibu ambalo hata sisi hapa hatuna.

Kivuli Kizuri

Mimi natofautiana kidogo. Mtu aliyetoka kupasuliwa ana maumivu, hapati usingizi, halafu mnamletea habari za urithi wa mama yake kufa? Subirini wiki moja mbili.

Bi Mnanaa

Nakuelewa, na siku ya kumwambia wachague ile aliyoamka vizuri. Lakini yeye ndiye anayeuliza kila siku. Akigundua baadaye kwamba alijibiwa uongo, atauliza na mengine yaliyofichwa.

Shina Moja

Kuna jambo naona limepitwa. Ninyi wanne mnaazimana jembe! Bakteria huyu husafiri na udongo na maji. Udongo uliokauka kwenye jembe na kwenye soli za viatu utaingia nyua zote nne, na kisha hata huo msaada wenu utakuwa umesambaza ugonjwa.

Sugueni udongo wote kwanza, kisha loweka vifaa kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, halafu suuza na kukausha visishike kutu. Bustani ya dada iwe ya mwisho kuingia siku hiyo, sio ya kwanza. Mwagilieni taratibu kwenye shina, maji yasitiririke kutoka mche mgonjwa kwenda mzima. Na msimu huu msigawiane miche iliyooteshwa kwa udongo wake. Najua ni vigumu kwa marafiki waliozoea kupeana, lakini semeni wazi kila mtu ajue sababu.

Pale palipokufa msirudishie nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, wote ni ukoo mmoja. Mahindi yanafaa.

Mwaga Jioni (mleta uzi)

Asanteni sana. La vifaa kwa kweli hatukuwa tumeliwaza. Na hizo mbegu za urithi, je, zinaokoleka?

Jembe Dogo

Zinaokoleka. Chagueni matunda yaliyoiva kabisa kwenye mche mzima ulio mbali na wagonjwa. Nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu zake zitafuata mama. Ingekuwa maboga ningekwambia habari nyingine, maana nyuki huchanganya. Kamueni mbegu na majimaji yake kwenye chombo, ziache zichachuke siku 2 hadi 3 mpaka ule utelezi utoke, osheni, anikeni kivulini kwenye sahani. Zikikauka kabisa gawaneni, kila mmoja atunze fungu lake kwake.

Kivuli Kizuri

Hapo nimekubali. Kuhusu mwenzenu wa mageuzi, usimkataze, mpe kazi kubwa inayomstahili. Dada yenu hatainama kwa muda, na huenda hata baadaye asipende kuinama sana. Mwenzenu atengeneze meza ya kupandia, sanduku lenye miguu. Lijazwe udongo mpya safi, nyanya zipandwe humo, mbali na ardhi yenye ugonjwa. Mnanaa na njia aviache vilivyo. Na kichaka aulizwe dada mwenyewe, pengine ana sababu yake.

Mwaga Jioni (mleta uzi)

Mrejesho, ndugu zangu.

Tulipima. Nyuzi nyeupe zilishuka waziwazi. Tukampigia dada sote watatu tukiwa pamoja, asubuhi aliyosema amelala vizuri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza miche ipo upande gani, na maji ya mvua hutuama wapi. Akatuambia tung'oe miwili hiyo pamoja na wa tatu ulio karibu hata kama unaonekana mzima, na mbegu tuchukue kwenye mche wa mwisho karibu na ukuta. Sauti ilikuwa na huzuni lakini alikuwa anaagiza kama zamani, na tangu hapo anatupigia na maagizo mapya!

Kichaka kibaki, amesema. Huchanua wakati maua mengine hayapo na nyuki wanakitegemea. Mwenzetu hakuchukia hata kidogo, maana yuko kwenye mbao. Anauliza sanduku liwe na kina gani, na chini tuweke kokoto?

Shina Moja

Hongereni. Kina cha sentimita 30 au zaidi kwa nyanya. Kokoto hazihitajiki, hazisaidii maji kutoka, zinapunguza tu nafasi ya mizizi. Toboeni matundu ya kutosha chini. Msijaze udongo wa uani humo, hata kidogo. Na mjue sanduku hukauka haraka kuliko ardhi, kwa hiyo liwe karibu na bomba dada yenu asije akabeba ndoo.

Miguu msiikate bado. Akisimama, sentimita 75 hadi 90 kutoka chini hadi ukingoni humfaa mtu wa kimo cha kawaida. Akikaa kwenye kiti, sanduku lishuke, na chini yake pabaki wazi magoti yaingie. Muulizeni kwanza anataka kufanya kazi vipi.